Kikohozi Kikikuumiza Mgongo: Mwongozo Kamili wa Kuelewa na Kutuliza Maumivu

Kila mwaka baridi ya Juni hadi Agosti ikishika Nairobi, kemisti za mitaani huuza vitu viwili kwa mteja mmoja: dawa ya kikohozi na dawa ya mgongo. Mteja anaeleza kwamba amekohoa wiki nzima, na sasa kila akikohoa kuna kitu kinamchoma kati ya mabega, au pale sidiria inapofungiwa, au ubavuni kwa nyuma. Anapewa tembe, anapaka dawa ya kuchua ya Kaluma, anarudi kazini. Siku chache baadaye bado anakohoa, mgongo bado unauma, na anaongeza tembe.

Msimamo wangu ni kwamba mgongo wa aina hii hautulii mpaka kikohozi kipungue. Dawa ya maumivu ina nafasi yake, nitaifikia. Lakini kazi kubwa ni kujua kikohozi kimetoka wapi, kujifunza kukohoa bila kujitonesha, na kushtuka mapema pale ambapo tatizo halimo kwenye misuli hata kidogo.

Kinachotokea mgongoni unapokohoa

Sehemu ya kati ya uti wa mgongo ina pingili 12, na kila pingili imeshika jozi moja ya mbavu. Mbavu zimeungana na pingili kwa viungo vidogo vinavyosogea kidogo kila unapovuta pumzi. Katikati ya ubavu na ubavu kuna misuli myembamba. Juu yake, mgongoni, kuna misuli mirefu inayousimamisha mwili na mingine inayoshikilia makombe ya mabega, ile mifupa miwili bapa ya nyuma.

Ukitaka kukohoa, kwanza unavuta hewa. Kisha koo linajifunga huku misuli ya tumbo na ya mbavu ikikaza, na shinikizo linapanda kifuani. Halafu koo linafunguka ghafla na hewa inatoka kwa kishindo. Kufumba na kufumbua, mbavu zote zimevutwa na misuli ya mgongo imekaza ili kiwiliwili kisikunjike mbele. Mtu akikohoa mara chache kwa siku, mgongo hauna habari. Akikohoa usiku kucha kwa siku kadhaa, misuli huchoka, nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na vile viungo vya mbavu huchokozeka. Misuli inayouma hukaza ili ijilinde, na huko kukaza nako huuma. Ndiyo sababu unaweza kuamka asubuhi ukiwa umekohoa kidogo tu usiku huo, lakini mgongo ukakataa kugeuka.

Kama maumivu yako yako chini zaidi, kiunoni, na kila ukikohoa yanashuka hadi kwenye mguu, hilo ni jambo jingine. Huenda ni diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, inayobana mshipa wa fahamu, na mwongozo huu haukutoshi.

Jipime kwanza kabla ya kununua chochote

Simama, weka kidole mahali panapouma. Ukishindwa kuonyesha kwa kidole kimoja na ukalazimika kutumia kiganja kizima, na ukihisi kuuma unapokohoa, unapopiga chafya, unapocheka au unapogeuka, lakini ukitulia panatulia, basi kuna uwezekano mkubwa ni misuli. Ukibonyeza utahisi pamekaza na pana uchungu wa kuchoka.

Maumivu yakiwa upande mmoja tu, karibu kabisa na uti wa mgongo, na yakichoma ukivuta pumzi ndefu au ukijipinda, shuku kile kiungo cha ubavu na pingili. Kinaumiza na kinatisha kwa sababu kinakatiza pumzi, lakini hupoa.

Ubavu uliopasuka una tabia yake. Maumivu yako juu ya mfupa wenyewe, mahali padogo unapoweza kufunika kwa ncha ya kidole, na ukibonyeza hapo unaruka. Wengine husema walisikia mlio wakati wa kukohoa. Kikohozi kikali kinaweza kuvunja ubavu hata bila kuanguka wala kugongwa. Huwapata zaidi wanawake, wazee, na watu ambao mifupa yao imepungua nguvu. Picha ya eksirei huweza kuukosa ufa huo siku za mwanzo, kwa hiyo daktari akisema picha haionyeshi kitu wakati mfupa ule bado unauma vile vile, usidhani anasema unajifanya.

Mzee wako akikohoa kisha ghafla akashika katikati ya mgongo, juu ya uti wenyewe, na tangu siku hiyo hawezi kusimama wima, mpeleke hospitali. Pingili dhaifu inaweza kubonyea kwa kikohozi kimoja. Hivyo hivyo kwa yeyote aliyetumia prednisoloni kwa miezi mingi, iwe kwa ajili ya pumu, baridi yabisi au ugonjwa mwingine, kwa sababu dawa hiyo hupunguza uimara wa mifupa.

Kuna pia maumivu ambayo hayajali unakohoa au hukohoi, umelala au umekaa. Hayo yanaweza kuwa ya figo, hasa yakiwa chini ya ubavu wa mwisho na mkojo ukiwa unachoma au una damu. Yanaweza kuwa ya nyongo, yakija baada ya chakula chenye mafuta na kupanda hadi kombe la bega la kulia. Na ukihisi mwasho wa moto uliopita kama ukanda upande mmoja kutoka mgongoni hadi kifuani, fungua shati ujiangalie kila siku: vipele vikitokea, huo ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke.

Hali ambazo hazingoji

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma uende hospitali:

- Unapumua kwa shida, huwezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, au midomo imebadilika rangi.
- Maumivu yamekuja ghafla pamoja na pumzi kukatika, hasa ikiwa mguu mmoja umevimba, umejifungua au umepasuliwa majuzi, au ulisafiri ukiwa umekaa kwa saa nyingi. Huenda donge la damu limefika mapafuni.
- Unakohoa damu.
- Una homa kali, unatetemeka, na una kichomi kila unapovuta pumzi. Hiyo inaweza kuwa nimonia.
- Kifua kinabana na maumivu yanaenea kwenye mkono au taya huku ukitokwa na jasho baridi, au unahisi kitu kikichanika kati ya mabega.
- Miguu inakufa ganzi au kulegea, au umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Kwa msongamano wa jiji hili, mara nyingi gari la jirani huwahi kuliko ambulansi, kwa hiyo piga simu huku mtu mwingine akitafuta gari. Upande wa Eastlands kuna hospitali ya Mama Lucy Kibaki, karibu na Kibera kuna ya Mbagathi, na Hospitali ya Kenyatta hupokea dharura saa zote.

Hatua ya kwanza: shughulikia kikohozi

Mafua ya kawaida huacha kikohozi kinachoweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kuisha hata kama homa iliondoka siku ya nne. Husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kununua Amoxil nusu dozi kwa sababu "kifua kimekataa" ni kutupa pesa na kuwafundisha bakteria ukaidi. Kinachosaidia ni maji ya uvuguvugu siku nzima, kijiko cha asali kabla ya kulala (kamwe usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja), na kupumzisha koo. Chai ya tangawizi na limau ni tamu na inalainisha koo. Inatosha kuipenda kwa hilo. Kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka sikupendekezi, hasa penye watoto, maana sufuria hupinduka. Oga maji moto kama unataka mvuke.

Sasa tazama hewa unayovuta. Wakati wa baridi watu wengi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Moshi wake huchokoza kifua, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, huua watu usingizini. Jiko liwashwe nje mpaka makaa yashike, likiingia mlango na dirisha viwe wazi, na lisilale ndani na watu hata kama limebaki majivu mekundu tu. Stovu ya mafuta ya taa na dawa ya mbu ya kuchoma nazo huchokoza kifua. Mwenye duka la mitumba katika soko la Gikomba anajua lile vumbi linalofumka mzigo unapokatwa kamba: avae barakoa, afungulie mzigo mahali penye upepo, na akung'ute nguo akiupa upepo mgongo. Nyumbani, futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kupangusa kikavu. Na sigara, bila shaka, lakini hilo umeshaambiwa.

Kikohozi kinachozidi usiku na alfajiri, chenye mluzi kifuani, kinaweza kuwa pumu hata kama hukuwahi kuwa nayo utotoni. Pumu haiponi kwa sirapu. Inataka inhela, na inhela inataka kufundishwa namna ya kuitumia. Kikohozi kinachokuja ukilala baada ya kula, pamoja na kiungulia au maji machungu kooni, mara nyingi ni asidi inayopanda kutoka tumboni. Maliza chakula cha jioni muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala, punguza vilivyokaangwa, na inua upande wa kichwa wa kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake.

Halafu kuna chanzo ambacho wengi hupitwa nacho: dawa ya presha. Enalapril na ndugu zake kama lisinopril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kuwasha koo, na kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Mama anakunywa sirapu chupa kwa chupa, anapigwa picha ya kifua, mgongo unamuuma, kumbe kisababishi kiko kwenye pochi yake ya dawa. Usiiache mwenyewe, maana presha itapanda. Rudi kliniki, waambie una kikohozi kikavu tangu uanze dawa ile; kuna nyingine, kama losartan, ambazo ni nadra kuleta shida hiyo.

Na kuna TB. Kenya bado ina mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na jiji lenye nyumba zilizobanana na matatu zilizofungwa madirisha huurahisishia safari. Kanuni ni rahisi: ukikohoa wiki mbili, pima. Usingoje wiki mbili ikiwa unaishi na virusi vya ukimwi, ikiwa umeishi na mgonjwa wa TB, au ikiwa unatokwa na jasho usiku, unapungua uzito, au una homa za jioni. Kipimo ni makohozi, na uchunguzi na matibabu ya TB ni bure katika vituo vya serikali. Makohozi mazuri ni yale ya kutoka kifuani asubuhi, mate hayasaidii. Dozi ya kawaida ni miezi 6.

Sababu ya kuirefusha habari ya TB katika mwongozo wa mgongo ni kwamba TB huweza kuingia kwenye pingili zenyewe, na pingili za kifua, hasa za chini, ni miongoni mwa zinazoathirika zaidi. Maumivu yake huja polepole, wiki hadi miezi, hayaishi usiku, na mgongo unaweza kuanza kutoka kibyongo. Mtu wa namna hiyo anaweza hata asikohoe. Kumfanyia masaji ni kumchelewesha.

Hatua ya pili: jifunze kukohoa

Hapa ndipo nafuu ya haraka ilipo, na haigharimu kitu.

Watu wengi wakihisi kikohozi kinakuja huinama mbele, hukunja mgongo na kugeuza shingo kutafuta kiwiko. Mgongo uliokunjwa na kupindwa ndio unaobeba kishindo vibaya zaidi. Kiwiko ndicho kije mdomoni: inua mkono, acha kichwa na mgongo vinyooke. Ukiwa umesimama, legeza magoti kidogo na uegemeze mkono wa pili kwenye meza, ukuta au mapaja. Ukiwa umekaa, keti mpaka nyuma kwenye kiti, nyayo zikanyage chini, mgongo uguse egemeo.

Chukua mto, au sweta lililokunjwa, ulikumbatie kifuani. Kikohozi kikija, ubane kwa mikono yote miwili mpaka kipite, kisha legeza. Ikiwa panapouma ni ubavuni, weka mto pale na uubane kwa kiwiko. Wagonjwa waliopasuliwa kifua hufundishwa hivyo hivyo. Ndani ya matatu, begi la mapajani linafaa kabisa.

Nimeona watu wakijifunga leso kifuani kwa kukaza, mchana kutwa, wakisema inashika mbavu. Iache. Kifua kilichofungwa hakijazi hewa vizuri, makohozi yanabaki chini ya mapafu, na nimonia inapata makao. Bana wakati wa kukohoa tu.

Ikiwa una makohozi, usipigane nayo kwa vikohozi ishirini vikavu. Keti wima. Pumua taratibu kwa pua mara chache. Vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja uishike kidogo kabla ya kuitoa. Kisha fungua mdomo na koo, na uitoe hewa kwa nguvu ya wastani, "haaah", kama unavyohemea kioo cha miwani ili ukifute. Rudia mara moja au mbili. Makohozi yakifika juu, kohoa mara moja tu yatoke. Pumzika, rudia ikibidi. Mgongo huumia kidogo kuliko kwa kikohozi cha kawaida, na makohozi yanatoka.

Kikohozi kikiwa kikavu, kile cha kuwasha tu, unaweza kukizuia mara nyingi. Mwasho ukianza, funga mdomo, meza mate, zuia pumzi kwa muda mfupi, kisha pumua kwa pua kidogo kidogo. Kunywa maji funda dogo. Kikipita, umejiokolea mtikiso mmoja. Mara za kwanza utashindwa, inataka mazoea.

Hatua ya tatu: tuliza maumivu

Joto hufaa misuli iliyokaza. Chupa ya mpira ya maji moto, ikiwa imefungwa kwa taulo, iwekwe panapouma kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Chupa ya soda ya plastiki hulegea kwa maji moto na kukumwagikia, usiitumie. Kuna ushauri wa kuanza na barafu siku mbili za mwanzo, na si mbaya, ila sijaona mtu anayekohoa mwezi wa Julai akikubali barafu mgongoni. Kinachokupa nafuu ndicho sahihi. Dawa ya kupaka inasaidia kwa muda, lakini usiweke chupa ya moto juu yake, ngozi itaungua. Usimpake mtoto mchanga.

Kwa tembe, anza na parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya hunywa tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa saa 24. Hapa ndipo watu huteleza: dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani, na Panadol ni parasetamoli kwa jina jingine. Ukichanganya zote tatu, umepita kipimo bila kujua, na ini ndilo hulipa. Soma karatasi ya pakiti au muulize mwenye kemisti moja kwa moja.

Ibuprofeni miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache, hufanya kazi vizuri kwa misuli na viungo. Usiitumie ikiwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, ikiwa una mimba, ikiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu, au ikiwa ni mtu wa pumu na dawa za aina hii zimewahi kukubana. Mwenye presha amuulize daktari kwanza. Diklofenaki ni ya ukoo huo huo, kwa hiyo usinywe zote mbili. Na ile "sindano ya mgongo" inayochomwa kwenye kliniki za mitaani mara nyingi ni diklofenaki. Uliza ni ya nini kabla ya kugeuka, hasa kama umeshakunywa tembe asubuhi.

Dawa zenye kodeini hupunguza kikohozi na maumivu, lakini hulewesha, hufunga choo, na ni rahisi kuzizoea. Choo kigumu kinakufanya ujikamue, na kujikamua kunatonesha mgongo ule ule. Zisitumike bila daktari.

Usilale kitandani siku nzima. Tembea ndani ya nyumba, toka nje jua likitoka. Misuli iliyolala hukaza zaidi.

Usiku

Usiku ndio mbaya kuliko mchana kwa sababu ukilala chali makohozi na kamasi hurudi kooni. Panga mito miwili au mitatu kwa mteremko kuanzia chini ya makombe ya mabega. Mto mmoja mnene chini ya kichwa peke yake unakunja shingo tu. Ukipenda kulala ubavu, kumbatia mto na uweke mwingine kati ya magoti ili mgongo usijipinde. Mwenye asidi alale ubavu wa kushoto. Weka maji karibu.

Kuinuka kitandani nako kuna namna yake. Usijivute moja kwa moja ukiwa chali. Kunja magoti, jigeuze mwili mzima kwa pamoja uwe ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono mpaka ukae. Subiri kidogo kabla ya kusimama.

Mazoezi, maumivu makali yakishapungua

Siku mbili tatu baadaye, unapoweza kuvuta pumzi ndefu bila kuruka, anza taratibu. Ukishuku ubavu umevunjika au pingili imebonyea, fanya zoezi la kwanza tu mpaka uonekane na daktari.

La kwanza ni la pumzi. Keti, weka viganja pande mbili za mbavu za chini. Vuta hewa kwa pua mpaka uhisi mbavu zikisukuma viganja kwa nje, kisha itoe polepole kwa mdomo. Mara tano, kila saa ukiwa macho. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalozuia mapafu kulala na viungo vya mbavu kukakamaa.

La pili, vuta makombe ya mabega yakaribiane nyuma huku mabega yakibaki chini, yasipande masikioni. Shika kwa sekunde 5, legeza. Mara kumi, asubuhi na jioni.

La tatu, piga magoti na viganja chini. Pandisha mgongo juu taratibu ukitoa pumzi, kisha uushushe ukivuta pumzi. Mara nane hadi kumi, bila haraka.

La nne ndilo nilipendalo zaidi kwa mgongo wa kati. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, mikono yote miwili imenyooshwa mbele, kiganja juu ya kiganja. Inua mkono wa juu, uuzungushe polepole mpaka uelekee nyuma, macho yaufuate, magoti yabaki pamoja. Tulia kwa pumzi mbili, rudi. Mara tano, kisha geuka upande wa pili.

Ukazo ukibaki mahali pamoja, simama na mgongo ukutani, weka soksi mbili zilizoviringishwa pamoja kati ya ukuta na msuli, kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya uti wenyewe. Egemea kwa nusu dakika, sogea kidogo. Uchungu mtamu ni sawa. Uchungu wa kuchoma ni ishara ya kuacha.

Itachukua muda gani, na kurudi kazini

Misuli iliyovutika kidogo hupoa ndani ya wiki moja au mbili baada ya kikohozi kupungua. Iliyochanika zaidi inaweza kuchukua hadi wiki 6, na ubavu uliopasuka ni karibu muda huo huo. Kama mgongo haujaonyesha nafuu yoyote wiki ya tatu, nenda ukaonwe, hata kama hakuna dalili ya hatari. Ukiwa umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, anza na zahanati au kituo cha afya cha ngazi ya 2 au 3, ambako huduma za msingi hulipiwa na mfuko wa serikali. Wakiona inafaa watakupa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapi. Andika kabla hujaenda: kikohozi kilianza lini, makohozi ni ya rangi gani, unatumia dawa gani zote, na maumivu huzidi lini.

Anayekaa ofisini atarudi mapema, mradi ainuke kila nusu saa. Anayeendesha boda ajue kwamba upepo wa baridi kifuani unaamsha kikohozi na matuta yanatikisa mbavu. Koti zito na kasi ndogo. Ugumu ni kwa mama mboga anayetoka soko la Marikiti alfajiri na gunia mgongoni, na kwa hamali wa mkokoteni, maana kibarua hakimngoji mtu apone. Kama huna budi, gawanya gunia moja liwe mizigo miwili na ulipie safari ya pili, libebe karibu na kifua badala ya kuliinamia, usilinyanyue na kugeuka kwa pamoja, na usinyanyue kabisa huku kikohozi kikiwa kooni. Litue chini kwanza, ukohoe, kisha ndipo unyanyue.